Marashi Yasiyopiga Kelele

Jumapili, 7 Aprili

Chupa imefika! Ndogo, kioo cha ukungu, haina hata picha ya farasi. Karatasi yake inasema ni marashi mepesi yenye harufu ya poda, kwa wanaume na wanawake. Hatimaye kitu kimoja katika nchi hii ambacho hakikugawanywa makabati mawili.

Nimeyachagua kwa msimamo. Mtu mwenye hoja hapigi kelele. Adui yangu Charun anapiga. Afisa mstaafu wa forodha, kitambi, pikipiki nyekundu. Marashi yake ni nanasi, ngozi ya viatu na moshi wa sigara nene. Yanafika dukani kwa Bi Sumali kabla yake, yanaagiza chai, yanakaa. Ndipo mwenyewe anaegesha.

Tunamtaka mwanamke mmoja. Niandike wazi, humu hakuna mhariri wa gazeti wa kunikata makala. Bi Sumali ni mjane, ana duka la keki za nazi karibu na daraja, mji mzima wa Phetchaburi unamjua. Ametuambia sote wawili, kwa upole uleule, kwamba haolewi bila neno la mama yake. Na mama yake, Bibi Chuen, ambaye hajashuka kitandani tangu msimu wa baridi, amesema neno hilo atalitoa Jumamosi, siku ya Mwaka Mpya wetu wa jadi, tutakapokwenda kuwamwagia wazee maji ya maua mikononi na kuomba baraka.

Mpango wangu ni huu. Charun ananukia hadi ng'ambo ya mto. Mimi nitanukia kwa aliye karibu tu. Kwa hiyo Bi Sumali itabidi aje karibu.

Sioni kasoro.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimejipaka mara ya kwanza. Shingoni, mikononi, nyuma ya masikio. Mwanzo hakuna kitu kabisa, nikadhani nimeibiwa. Kisha poda, ule ubaridi wa shingo ya mtoto aliyetoka kuoga. Kisha yasmini, lakini yasmini iliyolala ndani ya maji. Mwisho, kwa mbali, mshumaa uliozimwa sasa hivi. Matulivu! Hayana jinsia, hayana cheo, hayana haraka. Na nimewahi kuyanusa mahali. Viti vya plastiki. Watu wengi wanaongea kwa sauti ya chini. Mimi nimevaa shati la mikono mirefu na joto linaniua. Mahafali? Mkutano wa chama cha walimu? Itanijia.

Dada Orathai, ambaye ninaishi kwake kwa sababu za muda tangu mwaka juzi, alinipita jikoni akauliza nani amembadilisha mtoto nepi. Nikamweleza kwamba wafalme na wakulima wa nchi hii walijipaka poda pamoja, bila kujali jinsia, karne nyingi kabla ya chupa za wanaume kuletwa madukani. Akasema, sawa mfalme, kaoshe sufuria.

Dukani mambo magumu. Nilisogea kwa Bi Sumali. Akarudi nyuma. Nikasogea tena. Akarudi tena, mpaka mgongo wake ukagusa tanuri. Akaniuliza kwa huruma kama ninasikia kizunguzungu, akaniletea kiti na maji ya barafu. Charun alikuwa pale. Akasema jamani Mwalimu Winai ameanza kucheza dansi, aletewe ngoma.

Nimenunua keki ambayo sikuihitaji nikaondoka.

Jumanne, 9 Aprili

Nimegundua kosa. Ni feni! Feni ya dukani inapuliza kutoka mlangoni kwenda nyuma, na Charun hukaa mlangoni. Kwa miezi yote hii amekuwa akipulizwa kwa Bi Sumali kwa umeme wa Bi Sumali mwenyewe. Ndivyo wenye nguvu wanavyoishi. Nimeandika makala ya gazeti papo hapo: "Udikteta wa Pua". Mhariri amekata nusu na kuniuliza kama ninalala vizuri.

Nilifika dukani mapema. Nikaigeuza feni, nikasimama mbele yake, nikafungua vifungo viwili. Nikaiongeza kasi hadi mwisho.

Nyuma yangu kulikuwa na beseni la unga wa mchele.

Sitaeleza kwa kirefu. Wateja walicheka mpaka mmoja akalazimika kushikilia nguzo. Charun alisema kwa sauti ya forodha kwamba sasa kweli Mwalimu ananukia poda, tena amekuwa poda yenyewe, mchanganyeni na nazi mumuoke.

Lakini! Bi Sumali alikuja na kitambaa. Akaanza kunifuta unga sikioni. Karibu kabisa. Akavuta pumzi. Akasimama. Macho yakamjaa machozi. Akauliza nimejipaka nini. Nikasema ni kitu chepesi tu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kimemkumbusha baba yake, akaingia ndani, hakutoka tena.

Baba yake! Mwanaume wa kwanza mwanamke kumpenda! Charun amemkumbusha nini maishani, mzigo wa magendo?

Nimerudi nyumbani mweupe kama mzuka na mshindi.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku kuu ya maisha yangu.

Niliamua nisingoje Jumamosi. Atakayefika kwa Bibi Chuen kwanza ndiye atakayebaki kichwani mwake. Joto la mwezi huu linakula marashi mepesi kabla hujavuka barabara, kwa hiyo nikajimwagia karibu nusu ya chupa. Shati jeupe la mikono mirefu. Nywele nimezichana na maji. Bi Sumali alikuwa tanurini. Akaniruhusu niingie kumwamkia mama, akasema tu nisimchoshe.

Chumba kimya. Bibi amelala chali, macho yamefumbwa. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikakutanisha viganja, nikainamisha kichwa. Kisha pua yake ikacheza. Mara moja. Mara mbili. Akavuta pumzi ndefu, uso ukalegea, na bila kufumbua macho akatoa mkono wake wa kulia nje ya shuka, akauning'iniza pembeni ya kitanda, kiganja wazi.

Amenipa mkono!

Sikungoja kubembelezwa. Kwenye meza palikuwa na bakuli la maji ya maua ambalo Bi Sumali amelitayarisha kwa ajili ya Jumamosi. Nikachota kidogo, nikammwagia kiganjani, nikaomba anisamehe kama nimewahi kumkosea kwa neno au kwa tendo. Akajibu kwa mnong'ono kwamba hana kinyongo na mtu. Akauliza ni nani mwingine amekuja. Nikasema mpaka sasa ni mimi tu.

"Charun je?"

Nikasema hajaonekana.

"Mbwa yule," akasema Bibi. "Na keki zangu zote alizokula."

Nilitamani kumbusu miguu. Akauliza kama chakula cha wageni kitatosha. Nikasema kitabaki, Bibi, usiwe na wasiwasi. Akauliza watawa wangapi watakuja kusoma sala. Nikasema tisa, kama desturi ya harusi yoyote yenye heshima, ingawa neno harusi nililimeza kwa adabu. Akasema tisa wa nini, wanne wanatosha. Mama mwenye akili! Anawawekea akiba wanandoa. Mwisho akataka iwekwe ile picha yake ya ujanani, yenye hereni, si ile ya kitambulisho. Nikaahidi kuitia fremu ya dhahabu na kuisimamisha mbele kabisa ya ukumbi. Akatabasamu. Akakunja mikono kifuani, akalala.

Nimetoka nikipepea. Nilimpita Charun njiani, nikamwinulia mkono kama mtu anavyomwinulia mkono msafiri asiyerudi.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimewaambia watu wachache tu. Muuza samaki, kinyozi, fundi baiskeli, na mlinzi wa hekalu niliyekwenda kumuuliza watawa wana nafasi lini. Mji umepokea vizuri.

Dada Orathai hajapokea. Ameniuliza Bibi alisema nini hasa, neno kwa neno. Nilipofika kwenye watawa wanne akaacha kukata vitunguu. Akasema, we Winai, hebu fikiri, watawa wanne huitwa kwenye shughuli gani? Nikamwambia asiniharibie siku kwa hesabu ndogondogo. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa na miaka sita na nimemeza kitufe.

Jioni Bi Sumali ametuma mtu. Mama hajala tangu jana. Anasukuma uji. Anasema amemaliza, ameridhika, asisumbuliwe.

Ameridhika! Si nilisema?

Nimemjibu Bi Sumali kwamba furaha nayo hushibisha. Hajanijibu. Aibu ya bi harusi, bila shaka.

Jumamosi, 13 Aprili. Mwaka Mpya

Naandika nikiwa nimelowa. Watoto wa mtaa walinisubiri kwa ndoo, na watu wazima wawili walinipaka chokaa nyeupe mashavuni. Hayo ni ya sikukuu, siyalalamikii. Nalalamikia mengine.

Nyumba ya Bi Sumali ilijaa. Majirani, wapwa, binamu kutoka Ratchaburi. Lakini hakuna aliyecheka. Bibi Chuen alikuwa amelala palepale, mikono kifuani, midomo imekauka. Bi Sumali ameketi kando ya kitanda na bakuli la uji, macho mekundu. Alikuwa akimbembeleza, mama, kijiko kimoja tu, mama yangu. Bibi akajibu bila kufumbua macho kwamba maiti hali uji, mwanangu, mpe paka.

Nikasogea nisaidie. Nilikuwa nimejipaka vizuri. Bibi akanusa, akatabasamu, akautoa tena ule mkono pembeni ya kitanda. Na chumba kizima kikanigeukia.

Ndipo yakaingia nanasi na viatu.

Kisha Charun mwenyewe, jasho, shati la maua, chetezo kinachotembea. Watu walimfungulia njia kwa kuziba pua. Akapiga magoti, akaangusha kichwa kando ya mto wa Bibi, akaanza kumwomba asiende, kwamba bado hajamrudishia sahani za keki.

Pua ya Bibi ikakunjamana. Akapiga chafya. Akapiga nyingine. Akafumbua macho yote mawili.

"Ni nini hiki kinachonuka?" akauliza. "Kama nimekufa, mbona bado namsikia huyu wa forodha?"

Akaketi! Mwenyewe! Bi Sumali akalia kwa sauti akamkumbatia. Bibi akamwambia amwachie shingo na amletee ule uji, aongeze samaki wa chumvi. Akala mbele ya wote. Na akiwa anatafuna akasimulia. Kwamba Alhamisi alisikia harufu ya siku ya maiti, ileile ya poda na yasmini na mshumaa. Kwamba mtu mwenye shati jeupe alimmwagia maji kwenye kiganja cha kulia na kumwomba msamaha, kama anavyofanyiwa marehemu. Kwamba akajua tayari, amekwisha, na kusema kweli haikuwa mbaya, isipokuwa wageni walikuwa wachache. Na yule mtu akamhakikishia chakula, watawa na picha.

Viti vya plastiki. Sauti za chini. Mikono mirefu. Watawa wanne. Nikakumbuka: msibani!

Bi Sumali akanigeukia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, Mwalimu, Jumanne nililia kwa sababu nilimwona baba yangu amelazwa maiti. Ningejua kwamba unamletea mama harufu hiyo, ningekutoa kwa mwiko.

Nikajitetea. Nikasema maji ya maua ni yaleyale, kwa walio hai na kwa waliokufa, na kwamba ni desturi yetu yenyewe iliyokosa mpaka, si mimi. Ilikuwa hoja nzito. Binamu wa Ratchaburi akaniomba nitoke nayo nje.

Lakini Bibi akanizuia. Akatoa neno lake. Bi Sumali aolewe na huyu anayenuka, kwa sababu mtu wa namna hiyo hata kaburini utajua yuko wapi. Charun akalia kama mtoto. Kisha Bibi akaniashiria nisogee. Akasema, na wewe Mwalimu, siku yangu ya kweli ikifika, wewe ndiye utakayenimwagia maji wa kwanza kabisa. Una mkono mzuri. Hiyo chupa niachie hapa.

Niliichomoa mfukoni nikaiweka kando ya mto wake. Bi Sumali hakunitazama.

Jumatatu, 15 Aprili

Dada Orathai anasema nikaombe radhi, kisha nikae nyumbani mpaka mji usahau. Anasema muuza samaki ananiita Mwosha Maiti. Anasema pia kwamba nimepoteza mwanamke mwema kwa ukaidi wa pua. Ana haki ya maoni yake. Nimemwambia hayo yote ni matokeo ya mkupuo mmoja tu, na mtu mzima haachi msimamo kwa matokeo ya mkupuo mmoja.

Nimepima mambo upya kwa utulivu. Je, marashi yalishindwa? Yalimfanya Bi Sumali alie. Yalimfanya Bibi Chuen anipe mkono, mara mbili. Yalimpeleka mwanamke mzima hadi ahera kwa nusu chupa! Hayo ya Charun yalifanya nini? Chafya. Kosa langu lilikuwa kipimo. Nusu chupa ilikuwa kidogo, ikamfikisha Bibi njiani tu na kumwacha huko peke yake, bila kumfikisha kwenye hoja yangu.

Kadi ya harusi imeletwa. Mwezi wa tano, watawa tisa. Chini, kwa mwandiko wa Bi Sumali, imeandikwa kwamba Mwalimu anakaribishwa kwa moyo wote, na kiti chake kitakuwa nje, mlangoni.

Mlangoni!

Nimeagiza chupa mbili. Na nimepita kwa Bi Sumali asubuhi na kipande cha uzi kidoleni. Upepo unavuma kutoka mlangoni kwenda ndani.