Mwombaji Aje Mwenyewe

Jumatatu, 2 Juni

Habari mbaya! Biro yetu ya zamani, ile ofisi ya vitambulisho niliyofanyia kazi, watachoma mafaili ya karatasi Ijumaa. Eti sasa kila kitu kiko kwenye kompyuta. Wachome! Lakini faili ya marehemu mke wangu, Adélaïde, ina picha yake ya ujana, ya ombi la kitambulisho. Ndiyo pekee iliyobaki. Nyingine zote zilipotea tulipokimbia mtaa wetu wa Ngagara wakati wa vita.

Nimekwenda mbio. Mkuu siku hizi ni Hugues, ambaye mimi ndiye nilimfundisha kushika muhuri. Ameniambia kwa heshima apana, muzee, faili hutolewa kwa mwombaji mwenyewe tu. Akanionyesha sharti lililobandikwa ukutani. La mwaka 1987. Sahihi ni yangu! Sahihi nzuri lakini.

Binti yangu Laure anasema huo ndio urasimu. Nimemkemea. Sisi tuliuita utaratibu, na watu walivaa tai.

Jumanne, 3 Juni

Nimeamka na akili. Nimeandika barua ya Adélaïde ya kunituma mimi, nikaiga sahihi yake. Hugues ameisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza polepole kama nimesahau kwamba yeye alibeba jeneza. Aibu gani hii! Hata hivyo amesifu mwandiko.

Nakumbuka Adélaïde alivyofika dirishani kwangu mara ya kwanza, na gauni la bluu. Nilimwambia picha ni kubwa mno, arudi. Akarudi. Nikamwambia hii nayo ina giza. Akarudi tena, na picha ya tatu. Karatasi zake zilikuwa kamili tangu siku ya kwanza. Nilitaka tu kumwona. Mungu wangu, namkumbuka sana yule mwanamke.

Alhamisi, 5 Juni

Nimevaa suti niliyostaafu nayo, nikajifanya mkaguzi kutoka wizarani. Mlinzi Hyacinthe amenitazama kutoka viatu mpaka kofia, akapaza sauti: karibu, Rudi Kesho! Kumbe ndilo jina waliloniita miaka ishirini na saba. Na mimi sina habari! Foleni nzima imecheka. Nimerudi kwa miguu, sikutaka kuonekana kwenye basi.

Wanachoma kesho. Sina mpango mwingine.

Ijumaa, 6 Juni

Moshi tangu saa nne asubuhi. Sikula kitu.

Saa kumi Hugues amebisha hodi, akatoa picha mfukoni mwa shati. Bila ombi, bila muhuri, bila kusaini popote! Amesema chukua, muzee, huyu mama alinilisha. Nimelia mbele yake kama mtoto. Ni yeye kabisa, ile picha ya tatu: amekunja uso, amenichoka.

Laure ameomba picha ya mama yake, siku moja tu, akaitolee kopi. Nimemwambia aandike barua. Ameandika huku machozi yanamtoka.

Nimeirudisha barua. Haina tarehe.