Mche Usio na Kovu

Jumatatu, 3 Machi
Baba amerudishwa nyumbani. Daktari kasema hakuna tena cha kufanya, tumtunze tu. Nimelia. Kisha nikakifikiria kiwanja cha nyuma. Tumezaliwa wawili, mimi na dada, na dada ndiye anayemgeuza kitandani, anamlisha, anamfulia. Mwenye macho anaona kiwanja kinaelekea wapi.

Ila bahati ninayo. Baba alifanya kazi kwenye kitalu cha miche miaka thelathini na moja, na leo kaniambia anatamani kuona mkorosho ukichipua kwa mbegu dirishani pake, nioteshe mimi. Akaomba nikae kando yake anielekeze. Nikamwambia apumzike, najua kila kitu. Nimeloweka mbegu kumi na sita.

Jumatano, 5 Machi
Kumi na moja zimezama, tano zinaelea. Zilizozama nimetupa. Mbegu inayozama imeshakata tamaa. Hizo tano shupavu nimezipanda kwenye makopo ya maziwa. Dada alifungua mdomo aseme kitu, nikamkata kauli. Wivu huo.

Baba aliniita tukae. Nilikuwa na udongo mikononi.

Ijumaa, 21 Machi
Patupu. Nimechimbua kopo moja kwa kijiko. Ndani ya ganda vumbi, na mdudu mmoja kanona. Nikamfukia tena, sijui kwa nini.

Dada anasema zinazoelea ndizo mbovu, na kwamba Baba alitufundisha hivyo kwenye karai tukiwa wadogo. Eti mimi sikuwa nasikiliza. Baba sasa hali ila uji, vijiko vitatu, na mikono yake imebaki mifupa. Naogopa kumtazama. Na muda unayoyoma.

Jumatatu, 24 Machi
Akili ni mali yangu! Nimenunua mche wa majani manane kwenye kitalu kile kile cha Baba, nikausokomeza kwenye kopo langu, nikamwekea kifuani. Nikamwambia umechipua.

Baba hakutazama majani. Alipapasa shina kwa dole gumba, polepole, hadi akakuta kovu. Mche wa kubebesha hukatwa ukaunganishwa na kikonyo cha mti mwingine, ukafungwa, na pale pafungwapo hubaki kovu. Mche wa mbegu hauna kitu hicho. Nililikumbuka hilo nikiwa nimeshachelewa.

Hakugomba. Alisema tu kwamba aliyeufunga ana mkono mzuri. Kisha akaniomba nikae. Nikasema nakuja sasa hivi.

Alhamisi, 27 Machi
Nimezunguka vitalu vitatu nikitafuta mche usio na kovu. Nikaupata. Mwembamba, majani mawili, wa mbegu kweli kweli. Nilirudi nikipiga mluzi.

Viatu vilijaa mlangoni. Baba alikata roho saa nne asubuhi. Dada anasema aliniulizia mara mbili, na mara ya pili alimwambia asinitafute, nina shughuli. Nilisimama uani na mche mkononi, majirani wakanipisha kwa heshima, wakidhani ni wa kaburini. Nimeumia. Sijui niandike nini kingine.

Jumanne, 1 Aprili
Baba mdogo amesoma wosia mbele ya ukoo. Uliandikwa miaka minne iliyopita na haukuguswa tena. Kiwanja cha nyuma ni changu, chote. Dada alijua siku zote. Nilipomwuliza mbona hakuniambia, alisema alikuwa anangoja aone kama nitakuja kukaa na Baba bila kuahidiwa kitu. Kisha akaenda kukunja mashuka.

Nimelifikiria sana jambo hili. Nimekipata kiwanja. Maana yake mpango umefaulu.

Shangazi alikohoa sana pale msibani. Hana mtoto, ana nyumba ya kona. Nimemwuliza anapenda mti gani. Akasema hataki mti, nije tu siku moja tuzungumze, siku zake anazimalizia peke yake. Nimemwahidi nitakuja, pindi nitakapopata mche mzuri.