Nilivyoifungia Bendi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Dada, samahani. Daftari hili ulinipa siku mtoto alipozaliwa, ukaniambia niandike kila siku, likijaa nikutumie. Mtoto ana miezi saba. Huu ni ukurasa wa kwanza. Usininunie.

Hali yetu. Mume wangu mzima, bado yuko ghalani, akirudi analala kama gogo. Mtoto mzima, halali kabisa. Isipokuwa alasiri. Saa kumi namlaza kwenye kitanda chake kilichoegemea ukuta, namwimbia kwa alto, sauti yangu ile ile ya kwaya, na kabla sijamaliza ubeti wa pili amezimika kama taa. Hapo ndipo ninapokaa kwenye cherehani. Nina majoho ishirini na mawili ya kwaya, yanatakiwa Jumapili ya tarehe 16. Yaliyokwisha: saba. Kiongozi wetu wa kwaya, tunayemwita Mama Soprano, ameshaniambia nikichelewa hata kwa kola moja, kazi inakwenda kwa fundi wa sokoni, na ikienda haitarudi. Kazi nyingine sina.

Shida ni ukuta. Upande wa pili ni ukumbi wa kanisa, na saa kumi hiyo hiyo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anafanya mazoezi na bendi yake. Anaitwa Msumari, kwa sababu ya nywele. Bendi inaitwa Tumbo la Samaki, kwa heshima ya nabii Yona. Jina tu linanuka. Wakianza, picha ya harusi yetu inacheza ukutani, na mimi mwenyewe siku ya harusi sikucheza.

Nilimwambia rock ya Kikristo ni kumbishia Mungu hodi kwa shoka. Akanijibu kwa upole, Shemeji, sisi hatupigi rock. Rock mtu anasimama katikati ya wimbo anajionyesha na gitaa lake. Sisi tunapiga punk. Punk ni ukweli uliokosa subira. Nikamwambia huo ukweli wake utaniamshia mtoto. Akasema haujamwamsha hata siku moja. Nikasema ni kwa sababu ya sauti yangu.

Akanitazama. Dharau!

Nimeamua. Bendi ifungwe.

Jumanne, 4 Machi

Nimezunguka na karatasi ya kukusanya sahihi, mtoto mgongoni. Mbinu ni hii: kwa wazee nalitaja neno punk tu, polepole. Hawalijui, wanashtuka, wanatia sahihi. Kwa akina mama namgeuza mtoto waone macho yake. Kwa akina baba naendelea kusema mpaka wachoke.

Mama Soprano ametia sahihi iliyokula nafasi ya watu watatu. Maoni yake: rock ni shetani aliyevaa fulana, na punk ni yeye yule baada ya kuichana fulana. Nikacheka. Hakuwa akitania.

Fundi viatu pekee ndiye aliyekataa. Ati Maandiko yanataja matoazi, na matoazi hayapigwi kwa kunong'ona. Kila mtaa haukosi mbishi mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Nilimpelekea Mchungaji karatasi ya sahihi, akauliza kama nimewahi kusikiliza maneno ya nyimbo zao. Nikamwambia maneno hayasikiki, Mchungaji, na shtaka letu ndilo hilo. Akakuna kidevu. Kuanzia kesho, hakuna mazoezi.

Msumari alimaliza chakula cha jioni, akaosha sahani yake. Mwisho akasema, Sawa, shemeji. Hilo "sawa" lilikuwa na miiba kama samaki wao. Nikaliteremsha kwa chai. Kitanda chake kiko sebuleni kwetu, na gitaa sasa liko chini ya kitanda, limefunikwa shuka kama maiti. Nilijisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Alhamisi, 6 Machi

Saa kumi. Kimya kitamu, mtu angeweza kukipaka kwenye mkate. Nikamlaza mtoto. Nikaimba. Alinitazama kama mkaguzi aliyekuja bila taarifa. Nikamaliza beti zote. Nikazirudia. Nikatunga mbili zangu. Akaanza kulia, na alilia mpaka baba yake akarudi kutoka kazini.

Majoho yaliyoongezeka: sifuri. Lile la nane limerudi nyuma. Nimelishonea mkono mahali pa shingo.

Ni meno, bila shaka.

Ijumaa, 7 Machi

Si meno. Nimempapasa ufizi wote, akaning'ata kwa kutumia ufizi huo huo.

Mume wangu, ambaye kwa kawaida hana maoni, aliweka kiganja ukutani akasema mtoto amezoea tetemeko. Anaitaka bendi. Nikamwambia, Baba Nanihii, kalale. Akaenda kulala. Hilo analiweza.

Alipotoka nikapiga ukuta ngumi. Mara moja tu, kwa uchunguzi. Mtoto akanyamaza. Nikapiga tena. Akapiga miayo!

Nisingeitwa fundi kama ningeishia hapo. Nikageuza ndoo, nikachukua mwiko, nikakaa chini, mgongo ukutani. Mtoto akaanza kufumba jicho moja. La pili likafuata. Nikawa nimenogewa, hata mlango sikuusikia. Mama Soprano alikuwa amesimama pale, amekuja kukagua majoho. Akauliza ninafanya nini. Nikasema nafukuza panya. Akasikiliza kidogo, maana mkono wangu ulikuwa bado unaendelea wenyewe. Akasema hajawahi kuona panya anayefukuzwa kwa mapigo manne.

Akahesabu majoho. Saba. Akaahidi kupitia kwa fundi wa sokoni wakati wa kurudi, kumsalimia tu.

Mtoto aliamka mara ndoo iliponyamaza. Huwezi kupiga ndoo na kushona. Nimejaribu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwomba Msumari apige gitaa sebuleni, kidogo tu, kwa ajili ya mwana wa kaka yake. Akasema punk haibembelezi. Pili, amri ya mchungaji anaiheshimu, tofauti na watu fulani wanaofukuza panya. (Mume wangu ana mdomo!) Tatu, nisimame mbele ya watu niseme nilikosea, naye atapiga mpaka chokaa ianguke.

Niseme nilikosea? Mbele ya Mama Soprano?

Kwa hiyo nimepata mbinu iliyo bora kuliko zote. Kwenye kikao cha kanisa cha jioni nilisimama nikasema adhabu waliyopewa vijana ni ndogo mno. Tukiwafungia, watakwenda kupigia vichochoroni, na huko nani atawaona? Wapige hapa hapa ukumbini, kila siku, saa kumi, karibu na ukuta wangu, chini ya masikio ya watu wazima. Mimi jirani nitaubeba msalaba huo. Nikafuta jicho kwa ncha ya kanga.

Mchungaji aliguswa. Akakubali. Kisha akaniteua mimi niwe mlezi wa bendi, nikae nao ndani ya ukumbi. Mama Soprano akaongeza sharti: wapige polepole.

Msumari alikaa mstari wa nyuma, akanipigia makofi. Peke yake.

Jumatatu, 10 Machi

Mazoezi ya kwanza chini ya ulezi wangu. Nilikwenda na mtoto, sindano, uzi na kola kumi na tano za kushonea kwa mkono. Vijana wako watatu na Msumari. Mpiga ngoma, binti wa chuo, amefunika ngoma kwa taulo. Wakapiga polepole, kama walivyoagizwa. Ilikuwa kama bendi inayoumwa.

Mtoto macho kodo.

Nikavumilia nyimbo mbili. Ya tatu nikasema waongeze kidogo. Wakaongeza. Nikasema hiyo bado ni rock, nasikia mtu anajionyesha na gitaa. Nataka ile isiyo na subira! Msumari akauliza kama mlezi ana hakika. Nikasema mlezi ndiye anayesema, toeni taulo.

Dada, ukikaa ndani ya chumba kimoja na kitu kile, meno yanahama. Lakini maneno yanasikika. Yona anamlalamikia Mungu kwamba humu ndani kuna giza na hakuna aliyekuja kumwona. Basi, ni hayo tu, wanayarudia wakipiga kelele. Nilijikuta nimeshika kola moja muda mrefu bila kushona. Mimi tangu nijifungue hakuna aliyekuja kwangu ila kupimwa joho.

Mtoto alilala kwenye sanduku la gitaa, ngumi mbili juu kama aliyeshinda kesi. Nimeshona kola tisa. Maoni yangu kuhusu punk hayajabadilika.

Alhamisi, 13 Machi

Majoho kumi na tisa! Mashine nayo nimeihamishia ukumbini.

Leo binti wa ngoma alikuwa na mtihani. Bila ngoma mtoto halali, bila mtoto kulala joho haliishi. Nikakaa mimi. Ndoo ilikuwa shule tosha. Msumari akasema, Shemeji, kumbe una hasira nzuri. Nikamwambia apige gitaa lake aache kumzoea mke wa kaka yake.

Tulikuwa katikati ya Yona wakati Mama Soprano alipoingia. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufunga, hakuna aliyemsikia. Akainua mikono. Tukanyamaza.

Akaanza. Kumbe mimi ni kinyonga! Kumbe ile karatasi nilimfanya atie sahihi bure! Majoho nipokonywe leo leo! Alipofika hapo, mtoto akaamka. Alilia kwa sauti ambayo kwaya yetu inaitafuta tangu tuanze. Mama Soprano akasema mtu mzima hashindwi na mtoto mdogo, akamtoa sandukuni, akamwimbia. Mtoto akapanda juu ya sauti yake. Mama Soprano naye akapanda. Mtoto akapanda tena, akakaa huko huko. Dirisha likajibu.

Mwisho Mama Soprano, kilemba kimemwangukia sikioni, alinigeukia. Kisha akaonyesha ngoma kwa kidevu.

Nikapiga. Mtoto akalala begani kwake, udenda ukishuka kwenye kola yake. Alisimama hivyo mpaka Yona alipotapikwa, na kisigino chake cha kulia, nilikiona kwa macho yangu, kilikuwa kinagonga sakafu. Akamrudisha mtoto polepole sana, akamfunika kwa joho lake mwenyewe lisilo na upindo. Kwa ajili ya majoho tu, akasema. Tusidhani.

Jumapili, 16 Machi

Majoho yote yamevaliwa. Ishirini na mawili. La Mama Soprano mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, lakini alisimama kiubavu. Amesema ya mwaka ujao nianze mapema. Kazi imebaki kwangu!

Mchungaji aliiruhusu Tumbo la Samaki ipige wimbo mmoja. Ukuta ulitetemeka, fundi viatu alisimama juu ya benchi, wazee walioogopa neno waliuliza baadaye kama upo mwingine. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, mtoto mgongoni, naitikia alto yangu. Wao wakipiga, mimi nikiimba. Na mtoto akalala! Fofofo, shavu limeshikamana na mgongo wangu, pumzi yake shingoni kama kamvuke ka chai. Nilisimama bila kutikisika hata watu walipokaa.

Sasa fikiria, dada. Nani alikuwa karibu naye zaidi, bendi au mimi? Basi. Ilikuwa sauti yangu tangu mwanzo. Bendi walikuwa wanapiga saa hiyo hiyo kwa bahati tu. Nimemweleza mume wangu, amelala.

Kwa hiyo kelele hazina kazi tena, na picha ya harusi imeanguka. Kesho naanza kukusanya sahihi.

Nitumie haya, hayapatikani vizuri huku: uzi mweupe wa pamba, roli sita. Sindano za cherehani, zile nene. Soksi za mtoto za mwaka mmoja, hizi anazila. Fremu ya picha. Karatasi za mistari na kalamu mbili nyeusi, kwa ajili ya sahihi. Na vijiti vya ngoma, jozi mbili. Vizito.