Mapenzi ni Mgongano wa Maslahi

Kila siku ya kazi, saa mbili na dakika kumi, nagonga muhuri wa Kitengo mara tatu kwenye karatasi chakavu. Wa kwanza hutoka hafifu, wa pili hutoka nusu, wa tatu ndio serikali.

Jumatano ile nilikuwa nimefika muhuri wa pili mlango ulipofunguliwa bila hodi. Akaingia msichana wa miaka sita hivi, akanipita kana kwamba mimi ni kabati, akapanda kiti cha wageni na kuanza kupanga vifuniko vya chupa ukingoni mwa meza yangu. Mama yake akafuata, anahema, bahasha mkononi.

"Samahani, dada. Hodi. Samahani."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kazi ya kwanza ya Kitengo cha Uteuzi wa Watoa Huduma za Tabia. Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba kazi hiyo ilikamilika kwa mafanikio.

Maelezo kidogo. Hospitali ikishamwona mtoto mwenye usonji, inaweza kuandika kwamba apatiwe tiba ya tabia. Neno "tabia" lilipofika makao makuu halikuulizwa linatoka wapi. Lililetwa moja kwa moja kwetu, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukishughulikia tabia za watumishi: uchelewaji, umbea na kusinzia kikaoni. Mwongozo tukautumia uleule. Tulifuta tu neno "mtumishi" tukaandika "mtoto". Kifungu cha kulewa saa za kazi tulikiacha, maana huwezi kujua.

"Mimi mtu nimeshampata," mama akasema. "Dada mmoja, mtaalamu wa tiba. Amekuja nyumbani mwezi mzima kwa majaribio. Huyu alikuwa akizidiwa na kelele anajigonga kichwa ukutani, mpaka tukaweka magodoro ukutani. Sasa hivi wiki ya pili hajajigonga. Nahitaji sahihi yenu tu. Bila sahihi, kuanzia Jumatatu haruhusiwi kuja tena."

Nilimweleza kwa upole kwamba mzazi hachagui. Mzazi anampenda mtoto, na mapenzi, kwa mujibu wa kifungu cha nne, ni mgongano wa maslahi.

"Sasa achague nani?"

"Kamati. Watu wasiomjua mtoto kabisa. Ndiyo haki yenyewe."

Akanitazama kama mtu anayesukuma mlango ulioandikwa VUTA.

Usaili wa vitendo tuliupanga Ijumaa, chumba cha mikutano, waombaji wawili. Kamati ilikuwa na Mwenyekiti, ambaye koridoni anaitwa Redio, na wajumbe wawili wa kuitikia. Mimi ni katibu. Kikaoni siongei, naandika. Hata nikipiga chafya huwa naomba radhi kwa maandishi.

Mwenyekiti akafungua. "Basi, ndugu wajumbe. Basi, kipimo ni chepesi. Mtaalamu atakayemwezesha mtoto kuniamkia shikamoo, akinitazama usoni, mikono imetulia, ndani ya robo saa, basi huyo ndiye."

"Ndiye," wajumbe wakaitikia.

"Mheshimiwa," mama akasema, "kutazamana na mtu kunamuumiza. Na shikamoo haimsaidii akiwa amezidiwa."

"Basi, mama, adabu haijawahi kumuumiza mtu."

Mwombaji wa kwanza alikuwa mwenye kituo kikubwa, suti ya kijivu, kijitabu cha rangi kilichoandikwa *Mtulivu Ndani ya Siku Tisini*. Wajumbe walikipapasa jalada kwa mapenzi ambayo kifungu cha nne hakiyagusi.

"Na siku ya tisini na moja?" mama akauliza.

"Hapo dhamana yetu inakuwa imekwisha."

Akamwendea mtoto, akamshika kidevu kwa vidole viwili na kukigeuza kuelekea kwa Mwenyekiti, kama mtu anayerekebisha kioo cha gari. "Sema shikamoo."

Mtoto akafumba macho, akaziba masikio, akatoa sauti nyembamba kama birika linalochemka.

"Mwachie kidevu," mama akasema.

"Mama, haya ni mafunzo."

"Na mimi ndiye niliyekizaa hicho kidevu. Kiachie."

Akakiachia. Mwenyekiti akatuambia tuandike: uwasilishaji tisa, uthubutu kumi, suti haina alama lakini itajwe.

Mwombaji wa pili, yule dada wa majaribio, akaingia na viatu mkononi. Hakuwa na kijitabu. Akaketi sakafuni, hatua tatu kutoka kwa mtoto na vifuniko vyake, akatoa vifuniko viwili mfukoni, akaviweka chini na kunyamaza.

Dakika tano zikapita. Nane.

"Katibu," Mwenyekiti akaninong'oneza kwa sauti ya jukwaani, "huyu ameanza?"

"Ameanza, mheshimiwa," yule dada akajibu mwenyewe.

"Mbona hufanyi kitu?"

"Nasubiri."

"Hata sisi tunasubiri, na hatuitwi wataalamu."

Wajumbe wakacheka kwa kupokezana. Mtoto alikuwa amesogea hatua moja. Mikono ikashuka kutoka masikioni, akaviokota vile viwili, akavipanga pamoja na vyake.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoona muda wa umma unapotea, akaamua kuujaza. Alisimama, akatandaza mezani hotuba aliyotembea nayo. Alizungumzia salamu kama nguzo ya taifa. Alizungumzia utoto wake, alivyoamkia watu mpaka magoti yakaota sugu. Sauti ikapanda, kisigino kikapiga sakafu, vifuniko vikaruka na kupoteza mstari wao.

Mtoto akainuka. Akaanza kuyumba, mbele, nyuma. Kisha akatembea kuelekea ukutani.

Mama alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Yule dada hakumzuia, lakini aliinua kiganja chake kifuani, wazi, mtoto akiona, akabaki hivyo. Mwenyekiti, hotubani, alikuwa amefika kwenye ujirani mwema.

Mtoto alifika ukutani. Akaugusa kwa paji la uso, taratibu, kama anayepima joto. Akageuka. Akaja mpaka kwenye meza kuu, akaweka kiganja chake juu ya hotuba ya Mwenyekiti.

"Basi."

Mwenyekiti akatabasamu. "Naam, mwanangu. Basi nini? Endelea."

"Katibu, andika," mjumbe mmoja akasema. "Mtoto ameanza kutoa hoja."

"Hajaanza," mama akasema. "Amemaliza."

"Mama, basi ni neno la kuanzia. Mimi naanzia nalo kila siku. Basi, kama nilivyokuwa nikisema—"

"Basi," mtoto akasema tena, na kiganja hakikuondoka.

Mwenyekiti akafunga mdomo.

Sijui nieleze vipi. Nimefanya kazi katika chumba kile miaka mitatu, na sikujua kwamba kina saa ya ukutani. Tuliisikia wote. Mtoto akashusha mabega, akarudi sakafuni, akaanza kuunyoosha upya mstari wake. Mama alikuwa ameketi chini karibu naye, mkono mdomoni, machozi yanapita katikati ya vidole.

"Hicho ndicho tulichokuwa tukifundishana," yule dada akasema. "Nyumbani alikuwa anaonyesha kiganja tu. Neno ametoa leo."

Mwenyekiti akakohoa. "Hata hivyo shikamoo haikutoka. Katibu, jaza fomu, tumpe yule wa suti."

Nikaishika fomu. Kipengele cha saba, ambacho ndicho kinachoamua, kinauliza: *Je, wakati wa zoezi, yameonekana mabadiliko ya tabia ya ......? Eleza.* Pale kwenye nukta palikuwa na neno "mtumishi". Tulilifuta. Kuandika "mtoto" tukasahau. Fomu, kwa hiyo, haisemi tabia ya nani, na katibu anajaza kile kilichoonekana.

Kwa yule wa suti nikaandika: *Hapana.* Kwa yule dada nikaandika: *Ndiyo. Mwenyekiti, baada ya kuongea dakika kumi na tisa mfululizo, amenyamaza.*

Nikawasomea.

"Imepita," wajumbe wakaitikia kwa mazoea, kisha wakatazamana. Lakini mikono ilikuwa imeshanyooka, na mkono ulionyooka, kwa mujibu wa Mwongozo, haurudi. Nikagonga muhuri. Ulitoka mzima mara ya kwanza.

Mwenyekiti aliizungusha kalamu muda mrefu, macho yakiwa mezani, hamtazami mtu yeyote. Kwa Mwongozo wetu hiyo ni alama sifuri; sikuiandika, kila mtu ana siku yake. Akatia sahihi. Yule dada angekuja Jumatatu kama kawaida.

"Niambieni tu kitu kimoja," Mwenyekiti akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayetaka kweli kujua. "Huyu mtoto, kwa hiyo 'basi' yake, alimaanisha nini hasa?"

Wajumbe wakatazama dari. Mama akanitazama mimi. Nikaweka kalamu chini.

"Alimaanisha unaongea sana, mheshimiwa," nikasema. "Na sisi sote, miaka yote hii tukiitikia, tulikuwa tunamaanisha hivyohivyo."