Taa ya Dola na Kucha za Emmanuella

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mwezi wa tatu tangu mgodi ufungwe. Miaka kumi na miwili nilipiga mihuri ofisini, leo sina hata muhuri wa kupiga. Mke wangu Annie ametoa amri: nisipopata kazi kufikia Jumapili, tunahamia Lukafu kwa kaka yake, kulima mahindi. Mimi na jembe! Lakini nina mpango. Mji unaporomoka, sawa, ila wanawake wa mtaa wetu wa Makomeno bado wanapaka rangi kucha. Nimebadilisha viatu vyangu vya ofisi kwa chupa nne za gel, rangi nzito ya kucha. Inakaa wiki tatu bila kubanduka!

Jumanne, 6 Mei
Kumbe gel haikauki kwa hewa. Inataka taa ya zambarau, taa inataka umeme, na umeme tumeuona mara ya mwisho Ijumaa. Mama Lydie, mteja wangu wa kwanza, alikaa saa mbili amenyoosha mikono. Nzi akatua kwenye kidole gumba. Hakuruka tena. Séphora wa saluni ya ng'ambo ya barabara, mwenye jenereta, alicheka hadi akashika ukuta. Simpendi.

Jumatano, 7 Mei
Nina akili mimi! Kakule, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, ana taa ndogo ya betri ya kupimia dola bandia. Mwanga uleule wa zambarau! Vita vimezuia malori yake, duka tupu, hana dola za kupima. Ameniazima, kwa sharti kwamba nimpake binti yake Emmanuella, anayeolewa Jumamosi. Bibi harusi! Nimemtangazia Séphora mara tatu.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeijaribu kwa Annie. Taa inatosha ukucha mmoja tu, dakika kumi kila mmoja. Bukari, ugali wetu, ikaungua jikoni, tukasonga nyingine. Lakini kucha! Nyekundu, zinameta. Nikampa masharti: asisugue sufuria, asifue bila glavu, apake mafuta kila jioni. Ameyapenda mno. Vyombo vyote nimeosha mimi. Bukari amekula kwa uma kama mke wa mkurugenzi, jirani akaniuliza kama mgodi umefunguliwa.

Ijumaa, 9 Mei
Mkono wa kulia wa Emmanuella: safi kabisa. Kisha betri zikafa. Mtaa mzima hakuna betri. Mkono wa kushoto nikauweka dirishani, juani. Gel, niliyoipaka nene kwa upendo, ikakunjamana. Nikachukua kisu nibandue. Emmanuella akapiga yowe, Séphora akavuka barabara mbio, akaninyang'anya kisu. "Papa Rigo, ukucha haiko muhogo!" Akazilowesha kwa asetoni, akapaka upya chini ya taa yake. Mimi nilishika pamba. Aibu!

Jumamosi, 10 Mei
Harusi! Tumecheza hadi miguu ikavimba. Pete inavaliwa kushoto, kwa hiyo wageni wote walitazama kazi ya Séphora. Lakini Emmanuella, Mungu ambariki, aliinua mikono yote miwili na kututaja sote. Séphora amepata wateja wengi hata hawawezi peke yake, akanipa kazi: kulowesha na kutoa gel za zamani. Annie amesema hiyo ni kazi. Hatuendi Lukafu! Nililia waziwazi mbele ya keki.

Jumapili, 11 Mei
Séphora amenipa ufunguo wa saluni na onyo: nisiguse chupa wala taa. Nimeapa. Ila Kakule ana noti ya dola mia iliyochanika kidogo pembeni, na mji mzima umeikataa. Masikini! Nikamwambia aniachie mimi. Gel si inakaa wiki tatu? Nimeipaka pande zote mbili, nene. Séphora yuko kanisani. Noti imenata ndani ya taa yake na imeanza kukunjamana, lakini inameta kweli kweli.