Pua ya Ukoo

Jumatatu, 3 Juni
Daktari wa urembo kaandika gazetini: "Kijana akipata pua mpya, hupata na ujasiri mpya." Upuuzi. Ujasiri haukai puani. Nilikuwa naandika makala ya kumjibu, binti yangu akaingia. Miaka kumi na sita. Anataka kupunguzwa pua Jumamosi kwa daktari huyohuyo, kama wenzake watatu darasani. Mama yake kakubali. Imebaki idhini yangu. Nikakataa. Akanikariria makala yangu mwenyewe: mwili ni wa mwenye mwili. Neno kwa neno. Nikafunga daftari kwa hasira. Na kwa fahari.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu: nimemwita dada yangu. Pua ya ukoo anayo kamili, humtangulia mlangoni. Amweleze mtoto alivyoishi nayo kwa heshima. Alisikiliza, akapapasa pua, akauliza: "Kumbe zinapunguzwa? Na sisi wazee wanatupokea, mwanangu?" Wamejifungia chumbani, wanatazama picha.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemkabili daktari kliniki kwake. Nimemshinda kila hoja. Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye taa. Pua yangu haina neno, kasema, ila mifuko chini ya macho inawachosha wasomaji kabla hawajaanza kusoma. Fidhuli. Nafasi ya kesho ilikuwapo. Huwezi kupinga usichokijua.

Ijumaa, 7 Juni
Binti kanikuta na plasta chini ya macho. "Baba, mkuki kwa nguruwe?" Hakucheka. Nikampa idhini. Ile pua ni ya marehemu mama yangu.

Jumamosi, 8 Juni
Sioni vizuri, lakini masikio ni mazima. Binti kashapanda kitanda cha upasuaji, akamuuliza daktari kama uso wa miaka kumi na sita umeshamaliza kukua. Daktari kakohoa. "Basi ukiendelea kukua, nitarudi kwako mara ngapi?" Daktari kakohoa tena. Akashuka, akavaa viatu. Shangazi yake akapanda. Njiani kaniambia: "Baba, ulipoacha kelele ndipo nikapata nafasi ya kujiuliza." Wanazuoni wangapi nimewasoma, sijakutana na akili kama hii. Bila shaka ni matunda ya mbinu zangu.

Jumapili, 9 Juni
Makala imekamilika. Inaishia hivi: Enyi wasichana wa sekondari mnaosoma safu hii, ridhikeni na nyuso mlizopewa. Anayetaka kuona mfano hai asubiri kidogo, uvimbe wangu ushuke.