Mabega Yangu na Kochi Langu

Jumatatu, tarehe 3
Nimerudi kutoka kwenye cherehani, nimemkuta mke wangu amelala chali sebuleni, magoti juu. Anayapeleka kushoto, anayarudisha. Kulia, anayarudisha. Polepole mno! Nimetazama hadi chai yangu ikapoa. Hatoki jasho, hahemi. Akainuka na uso uliotulia kama shati lililopigwa pasi. Amepata nini pale chini? Nataka kujua. Kuuliza siwezi, maana juzi nilimcheka kwa mazoezi hayo hayo mbele ya shemeji, kaka yake, na mke wangu hasahau.

Jumanne, tarehe 4
Balaa! Mke wangu anasema kochi langu linamziba nafasi. Nikasema ndilo linalonipumzisha. Shemeji, aliyekuja kusalimia (salamu zake huangukia saa ya chakula), akanibonyeza bega, akauliza hili ni bega au tofali. Wakapatana wao kwa wao: Jumapili atanibonyeza tena. Mabega yakiwa yamelegea, kochi linabaki. Yakiwa yamekakamaa, linahamia kwa shemeji. Hakimu na mrithi ni mtu mmoja! Nimekubali hivyo hivyo. Siwezi kumwonyesha kwamba naogopa.

Jumatano, tarehe 5
Nimejificha nyuma ya pazia ili nijifunze bila kuuliza. Mke wangu alipandisha mabega hadi masikioni, akayashusha taratibu kama anayemlaza mtoto. Kisha akasema, kwa sauti kubwa kidogo, kwamba anayefuatisha aende polepole na aache kabla hajaumia. Alikuwa anaongea na nani?

Alhamisi, tarehe 6
Nimefanya zoezi jikoni, mlango nimeufunga. Yeye anaenda polepole kwa sababu ana nafasi. Mimi nina Jumapili. Nikaongeza kasi. Shingo ikakwama kulia! Wateja wamedhani nawanunia. Mmoja nimempima kiuno kwa jicho moja. Suruali ile sitaki kuizungumzia.

Jumamosi, tarehe 8
Ajabu! Nimelala sakafuni kwa kukosa namna. Kuharakisha siwezi. Nikasogeza magoti kidogo tu, nikayarudisha, nikapumua. Kitu kikaachia katikati ya mgongo, na shingo nayo ikafuata bila kuambiwa. Shingo na magoti yanajuana? Tangu lini? Nikajaribu tena, kidogo zaidi. Nikapiga mwayo hadi machozi yakanitoka. Nimefurahi, nasema kweli. Nilikuwa sijui kwamba mwili unaweza kuwa hivi. Mabega yamelala. Kochi ni langu!

Jumapili, tarehe 9
Shemeji kafika mapema. Kabla hajanibonyeza, akaketi kwenye kochi langu, akanyoosha miguu, akauliza kama springi bado ni nzima. Nikasikia mabega yanapanda yenyewe. Nikayasihi. Yakagoma. Akabonyeza: tofali! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, si ningemuuliza tu, angenifundisha tangu Jumatatu.

Kochi nimelibeba mimi, tena upande mzito, nisionekane nimeumia moyo. Mgongo ukanikwama mlangoni kwa shemeji. Ilibidi wanilaze palepale, kwenye kochi, sebuleni kwake. Mke wangu akaagiza nilegee polepole na mtu asinisumbue. Shemeji ameniletea mto, ameniletea chai, sasa anauliza kwa mara nyingine nitaondoka lini. Nimemjibu kwa upole kwamba mambo haya hayataki haraka.

Mgongo uliachia kitambo, wakati wa chai. Hilo sijamwambia mtu.